Pumzi Nayo Ipimwe

Ukiingia zahanati leo ukiwa mtu mzima, kabla hujamfikia tabibu utafungwa mkanda wa presha mkononi, utapandishwa kwenye mizani, na pengine utatobolewa kidole upimwe sukari. Tumeyazoea haya kiasi kwamba mzee akitoka bila kupimwa presha hurudi mtaani analalamika kuwa hakuhudumiwa. Lakini nenda hapohapo useme kifua kinabana, usiku unakohoa, ukipanda mlima kidogo unahema. Utaulizwa una siku ngapi unakohoa, utasikilizwa mgongoni, na huenda ukapewa kikopo cha makohozi. Kupuliza hutaambiwa. Ile pumzi iliyokutoa nyumbani hakuna anayeipima.

Ninaandika kuomba hilo libadilike, na ninaamini linaweza kubadilika pasipo kungoja mradi wala mfadhili. Kifaa kipo, ni kidogo, hakitumii umeme, na Shirika la Afya Duniani limekiweka katika orodha ya vifaa vya lazima kwa kituo cha afya ya msingi kinachohudumia magonjwa yasiyoambukiza. Kimo katika orodha hiyohiyo yenye kipimo cha presha na mizani. Hivyo viwili tulivichukua, hiki tukakiacha njiani.

Kutopima kuna gharama yake. Pumu, kifua kikuu, moyo uliochoka, mapafu yaliyoharibiwa na moshi au vumbi, vyote huletwa kwa daktari kwa maneno yaleyale: nakohoa na pumzi hainitoshi. Asiyepima hana budi kubahatisha, na mwendo wake tunaujua. Kwanza dawa ya maji ya kikohozi. Kisha kapsuli za rangi mbili. Baadaye sindano, mgonjwa anapata nafuu ya siku chache, halafu anarudi. Makohozi yanapimwa, vijidudu vya kifua kikuu havionekani. Wapo wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu hata hivyo, kwa kuwa hakuna aliyepata maelezo mengine ya kile kikohozi. Na wapo walio upande wa pili: waliugua kifua kikuu kweli, wakamaliza dozi ya miezi sita, wakapona, lakini mapafu yakabaki na makovu. Wakihema, majirani husema ugonjwa umerudi. Huenda haujarudi. Huenda ni njia za hewa zilizobaki zimebana, au mapafu yaliyosinyaa, na hilo hulijui kwa kumtazama mtu usoni.

Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinasema mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa wanaishi na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hazipatikani kila mahali. Mwaka huohuo ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule unaowapata wavuta sigara na waliopikia kuni maisha yao yote, uliua watu milioni 3.23. Pumu haikupaswa kuua kiasi hicho. Ni ugonjwa ambao dawa zake zinajulikana, na mtu anayeutambua na kuufuatilia huzeeka nao, akilima, akiimba kwaya, akicheza mpira.

Sasa kifaa chenyewe. Ni kibomba cha plastiki kinachoenea mkononi, upande mmoja kina mdomo wa kupulizia, na ubavuni kina mstari wa namba, kwa kawaida kuanzia 60 hadi 800, pamoja na kishale kinachosukumwa na pumzi. Unapuliza, kishale kinaruka, kinasimama kwenye namba. Namba hiyo ni lita kwa dakika, nayo inaeleza kasi ya juu kabisa ya hewa wakati inatoka kifuani. Usidhani umetoa lita 450 za hewa. Hakuna kifua cha namna hiyo. Maana yake ni kwamba kama ungeweza kushikilia kasi ile ya kufumba na kufumbua kwa dakika nzima, zingetoka lita 450.

Kwa nini kasi ieleze jambo lolote kuhusu ugonjwa? Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa katikati. Maji bado yapo kwenye tangi, lakini upande wa pili yanatoka kwa uvivu. Katika pumu, misuli inayozunguka njia za hewa hujikaza, kuta zake huvimba kwa ndani, na ute mzito huzidi kuziba. Kuvuta hewa ndani bado kunawezekana, maana kifua kikitanuka huzivuta njia zile zikafunguka kidogo. Kutoa ndiko kunakoshindikana. Ndiyo maana sauti ya mluzi ya mwenye pumu husikika zaidi anapotoa pumzi, na ndiyo maana kipimo ni cha kupuliza wala si cha kuvuta.

Aliyekibuni ni Martin Wright, Mwingereza aliyesomea udaktari na kuwa fundi wa kubuni mashine. Alikuwa akifanya kazi katika kitengo cha utafiti wa magonjwa ya vumbi kwenye hospitali ya Llandough, karibu na Cardiff huko Wales, nchi ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Makala yake na mwenzake McKerrow kuhusu kifaa hicho ilichapishwa mwaka 1959. Kile cha kwanza kilikuwa kizito na cha maabara. Katika miaka ya 1970 akatoa kidogo, cha plastiki, ambacho mgonjwa angeweza kwenda nacho nyumbani. Mtu huyuhuyu ndiye aliyebuni pia ile pampu ndogo inayosukuma bomba la sindano taratibu, ambayo imewapunguzia maumivu wagonjwa wengi wa saratani. Napenda kukumbusha kwamba kifaa hiki kilianzia kwa wachimbaji wa migodi, watu wa vumbi, kabla hakijawafikia wagonjwa wa mjini.

Kupuliza kwenyewe kuna namna yake, na muuguzi asiyefundishwa atapata namba za uongo. Simama wima, au kaa ukiwa umenyooka. Rudisha kishale chini kabisa. Vuta hewa mpaka kifua kijae, kisha bana midomo kuzunguka mdomo wa kifaa pasibaki upenyo, ulimi usizibe tundu, vidole visizuie kishale. Halafu toa pumzi kwa ghafla na kwa nguvu zako zote, kwa mkupuo mmoja. Kupuliza kwa muda mrefu hakuongezi kitu. Kinachopimwa ni ule mshindo wa kwanza. Rudia mara tatu, ukipumzika katikati, uandike namba iliyo kubwa kuliko zote. Wengi hukosea hapa, wanajumlisha na kugawa kwa tatu. Sivyo. Wastani unaharibiwa na ule mpulizo mmoja wa kivivu. Watoto kuanzia umri wa miaka mitano au sita, wakifundishwa kwa mchezo, huweza. Na kwa kweli huwashinda wazee kwa bidii.

Mwenye kikohozi kinachodhaniwa kuwa kifua kikuu asipulize ndani ya chumba cha watu. Apimwe makohozi kwanza. Kila mgonjwa apewe mdomo wake wa kupulizia, wa karatasi, unaotupwa baada ya matumizi. Anayetema damu, aliyepata shambulio la moyo karibuni, au aliyetoka kupasuliwa macho, kifua au tumbo, angoje mpaka daktari amruhusu.

Tuseme umepuliza, umepata 450. Je, ni nyingi au ni kidogo? Hapa ndipo watu wanapotaka jedwali, na majedwali yapo, yakipangwa kwa umri, urefu na jinsia. Mwanamume kijana mrefu aweza kufika 600 na kupita. Mwanamke mfupi mwenye 400 aweza kuwa mzima kabisa. Mtoto wa urefu wa sentimita 120 yuko karibu na 200. Lakini kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni wewe mwenyewe. Pima asubuhi na jioni kwa wiki mbili, wakati kifua kimetulia na unatumia dawa vizuri, kisha chukua namba ya juu kabisa uliyowahi kuipata. Hiyo ndiyo namba yako bora. Kuanzia hapo unajipima kwa namba yako, huna haja na ya jirani.

Hesabu yake ni rahisi. Namba bora ikiwa 450, basi kuanzia 360 kwenda juu, yaani asilimia 80, uko kwenye kijani: endelea na dawa zako na kazi zako. Kati ya 225 na 360 ni manjano, na hapo pana jambo: umesahau dawa, au mafua yameingia, au jirani anachoma taka, fuata maelekezo uliyopewa na daktari ya kuongeza dawa. Chini ya 225, nusu ya namba yako, ni nyekundu. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Vuta dawa ya kufungua kifua na uelekee hospitali wakati huohuo, hata kama bado unaweza kuongea. Namba huweza kushuka kabla mtu hajahisi sana, hasa kwa waliozoea kuishi na kifua kibovu. Mwili wao umeshajifunza kuvumilia, na uvumilivu huo huwachelewesha.

Kipimo hiki pia humsaidia tabibu kutofautisha. Mgonjwa anapuliza, anapewa salbutamoli ya kuvuta, ile dawa ya kufungua kifua, wanasubiri dakika kumi na tano, anapuliza tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, hiyo ni dalili kubwa ya pumu. Lakini isipopanda siku hiyo haina maana kwamba pumu haipo, kwa sababu pumu huja na kuondoka. Siku ya kliniki mtu aweza kuwa mzima. Ndiyo maana daftari la wiki mbili lina thamani kuliko kipimo cha mara moja. Alfajiri namba huwa chini, alasiri hupanda, na kwa mwenye pumu tofauti hiyo huwa kubwa kuliko kawaida. Daftari la shule la kurasa chache na kalamu vinatosha.

Naomba nitoke njiani kidogo, kwa sababu suala la majedwali lina historia ambayo sisi hasa tunapaswa kuijua. Mwaka 1846 daktari mpasuaji wa Kiingereza, John Hutchinson, alitangaza mashine yake ya kupima ujazo wa pumzi, spirometa, baada ya kuwapima zaidi ya watu 2000. Miaka michache baadaye, kule kusini mwa Marekani, daktari Samuel Cartwright, mtetezi wa utumwa, aliichukua mashine hiyo akaitumia kudai kwamba mapafu ya watu weusi ni dhaifu kwa maumbile. Dai hilo halikuzikwa pamoja naye. Liliingia kwenye vitabu, likaingia kwenye mashine, na kwa miongo mingi mashine za kisasa zilipunguza kipimo cha kawaida cha mtu mweusi kwa asilimia 10 hadi 15. Maana yake mtu mweusi alihesabiwa mzima mahali ambapo mzungu mwenye pumzi ileile angehesabiwa mgonjwa. Mwaka 1999, mjini Baltimore, kampuni moja iliyokuwa inadaiwa fidia na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto ilijaribu kutumia hesabu hiyohiyo kuwazuia weusi kufungua madai. Ni mwaka 2023 tu ambapo jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani, American Thoracic Society, ilipendekeza rangi ya mtu iondolewe kwenye hesabu hizo. Kwa hiyo mashine ikinunuliwa na hospitali yako, daktari au fundi atazame imewekewa jedwali gani. Si swali la siasa. Linaamua nani aitwe mgonjwa.

Spirometa ndiyo kaka mkubwa wa kile kibomba. Hii hupima kasi na ujazo kwa pamoja. Mgonjwa huvuta hewa mpaka mwisho, hupuliza kwa nguvu, kisha huendelea kupuliza, sekunde sita na zaidi, huku mpimaji akimhimiza kwa sauti: endelea, endelea, endelea, bado, bado! Ukipita nje ya chumba utadhani kuna mama anajifungua. Mashine huandika hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, na hewa yote iliyotoka mpaka mwisho. Kijana mwenye afya hutoa zaidi ya robo tatu ya hewa yake katika sekunde ile ya kwanza. Baada ya dawa ya kufungua kifua, sehemu hiyo ikibaki chini ya asilimia 70, njia za hewa zimeziba na hazifunguki, na hapo ndipo daktari anapoutaja ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Kama sehemu hiyo ni nzuri lakini ujazo wote ni mdogo, basi mapafu yenyewe huenda yamesinyaa: makovu ya kifua kikuu, au vumbi la mwamba.

Vumbi. Hapa nataka tukae.

Mtu anayefanya kazi kwenye vumbi hupoteza pumzi kidogo kidogo, kwa miaka, bila maumivu. Kila mtu mzima hupungukiwa na pumzi kadiri anavyozeeka, tangu ujana wa miaka ishirini na kitu, lakini vumbi huharakisha. Akija kugundua kwamba hawezi tena kubeba mzigo aliouzoea, sehemu kubwa imekwisha kwenda na hairudi. Silikosisi, inayotokana na vumbi la mwamba lenye silika, haina dawa ya kuiponya, na humwacha mtu rahisi kushikwa na kifua kikuu. Wanaapolo wa Mirerani wanaoshuka kwenye mashimo ya tanzanite wanalijua vumbi hilo vizuri. Wavunja kokoto wanaokaa kando ya barabara na watoto wao mgongoni wanalivuta pia, ingawa hakuna anayewaita wachimbaji. Hawa ni watu ambao kama wangepimwa mara moja kila mwaka, wakawekewa namba zao kwenye kadi, mteremko ungeonekana mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa.

Kwenye pamba mambo ni tofauti na yanashangaza. Mfanyakazi anayevuta vumbi la pamba hubanwa kifua siku ya kwanza ya juma, akitoka mapumzikoni, kisha siku zinazofuata anaona afadhali. Ugonjwa huu, bisinosisi, ulichunguzwa sana katika viwanda vya nyuzi vya Lancashire, Uingereza, miaka ya 1950. Njia ya kuukamata ni kumpima mtu Jumatatu kabla hajaingia kazini na kumpima tena anapotoka. Pumzi ikiwa imeshuka kati ya asubuhi na jioni, vumbi limejitaja lenyewe. Hakuna sababu viwanda vyetu vya kuchambua pamba vishindwe kufanya hivyo. Hata mkonge una vumbi lake, na waliofanya kazi kwenye chumba cha brashi baada ya nyuzi kutoka kwenye mashine ya korona watakueleza jinsi walivyotoka humo weupe kama waliojipaka unga.

Wako pia wasiofikiriwa kabisa. Fundi seremala anayepasua mvule: vumbi la mti huo linajulikana kuwaletea baadhi ya watu pumu. Mwoka mikate, kwa unga wa ngano. Msusi anayechanganya dawa ya kugeuza nywele rangi. Kijana wa gereji anayepuliza rangi ya gari iliyochanganywa na dawa ya kukazia, kaziba mdomo kwa kitambaa, anaamini kitambaa kinatosha. Kumbe rangi za namna hiyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani. Kwa watu hawa kile kibomba kidogo kina kazi kubwa kuliko mashine ya hospitali. Wajipime mara nne kwa siku, kwa wiki kadhaa, siku za kazi na siku za mapumziko, waandike. Namba zikishuka kila wanapokuwa kazini na kupanda wakiwa nyumbani, jibu limepatikana, na ni jibu linaloweza kupelekwa mbele ya mwajiri.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi wakiwa kazini. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Basi nawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi: mkutano ujao wa majadiliano na mwajiri, ulizeni kama upimaji huo unajumuisha pumzi, au ni kupima presha na kutia sahihi. Na mfanyakazi ukishapimwa, omba nakala ya karatasi yako. Iweke nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku ukidai fidia, ile namba ya mwaka ulioajiriwa ndiyo itakayokusemea, na ukiwa huna utaambiwa uliingia kazini tayari una kifua kibovu.

Nirudi nyumbani, kwa wenye pumu na wazazi wao. Kupima bila dawa ni nusu ya kazi, na dawa ya kuvuta imezungukwa na hofu. Utasikia kwamba inhela ni ya walio karibu kufa. Kwamba ukianza hutaacha, moyo utaizoea. Kwamba binti akionekana nayo hataolewa. Nimesikia hata kwamba pumu inaambukiza, kwa hiyo mtoto asikae dawati moja na wenzake. Hakuna lililo la kweli hapo. Inhela hupeleka dawa kidogo sana moja kwa moja kwenye njia za hewa. Vidonge ndivyo vinavyozungusha dawa nyingi mwili mzima. Kosa la kweli ni jingine: watu wengi hutumia ile inayofungua kifua tu, kila wanapobanwa, na hawana ile ya steroidi inayopunguza uvimbe kila siku. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unakataza vijana na watu wazima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Ukiwa unaivuta hiyo kila siku, pumu yako haijatulia, rudi kliniki.

Kwa mtoto asiyeweza kuvuta kwa wakati, kuna chombo cha katikati kinachoshika dawa ili aivute taratibu. Kama kimekosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, inafanya kazi hiyo. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilijaribu jambo hili kwa watoto waliokuwa kwenye shambulio la pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mwambie muuguzi akuonyeshe.

Kuhusu jiko nitasema kifupi, maana limesemwa sana. Tanzania imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya watu ifikapo mwaka 2034. Vizuri. Lakini mama aliyepikia kuni miaka thelathini hatarudishiwa pumzi kwa kupewa mtungi wa gesi leo. Huyo apimwe pia, na asidhaniwe kuwa ni uzee tu.

Wito wangu basi uwafikie watu fulani. Wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya, ninyi ndio mnaopitisha mpango wa kituo. Wekeni vifaa viwili vya kupima kasi ya pumzi na midomo ya karatasi ya kutosha, kimoja kikae dirisha la wagonjwa wa nje na kimoja chumba cha dharura. Waganga wafawidhi, mfundisheni muuguzi mmoja kwa siku moja, naye awafundishe wengine. Walimu wakuu, kifaa kimoja kwenye ofisi ya mwalimu wa afya, pamoja na inhela yenye jina la mtoto, kinaweza kumaliza ule mchezo wa kumwambia mwanafunzi anajifanya mgonjwa ili akwepe mchakamchaka. Makanisa na misikiti inayoandaa siku za upimaji bure baada ya ibada, ongezeni meza ya kupima pumzi. Ndugu zetu mlioko Muscat, London, Minneapolis, mnaotuma viatu na simu, ulizeni kwanza kituo cha nyumbani kinahitaji nini. Kibomba hiki hakichukui nafasi kubwa kwenye sanduku kuliko mswaki na dawa yake. Msilete spirometa bila kuuliza nani ataitumia na nani ataihakiki kwa bomba lake la lita tatu, maana vyumba vya hospitali zetu vimejaa mashine za sadaka zilizofunikwa kitambaa.

Nawe msomaji ambaye huna cheo chochote, una mdomo wa kuuliza. Mwaka wa fedha wa Serikali, Tanzania na Kenya, huanza Julai, na mipango ya vituo hukamilishwa miezi kadhaa kabla. Mtafute mjumbe wa kamati ya zahanati yako, mwakilishi wadi au diwani, mwambie unataka kifaa cha kupima pumzi kiandikwe kwenye mpango wa mwaka ujao, na umwombe akuonyeshe kikishaandikwa.